Mwaka Mzima kwa Dakika 12: Rekodi za Saa na Kalenda za Gemu za Mtandaoni

Namasakata, mkoani Ruvuma, usiku. Simu inaonyesha 21:00, na kijana aliyeishika akiulizwa ni saa ngapi hasiti: saa tatu. Hakuna mwalimu aliyemkalisha chini kumfundisha kutoa 6. Amekua nayo, kama alivyokua na lugha yenyewe. Kisha anafungua gemu, na humo ndani saa ni nyingine, tarehe ni nyingine, hata mwaka ni mwingine. Seva inamtangazia tukio kwa saa ya dunia, UTC. Anaongeza 3 kupata saa ya Afrika Mashariki, anaigeuza kuwa saa ya Kiswahili, halafu anazidisha kwa kasi ya gemu husika. Hesabu tatu kichwani, kabla hata chai haijapoa.

Nimezikusanya saa hizo na kuzishindanisha. Vipimo ni vyetu: dakika 90 za mpira, basi la Songea kwenda Dar es Salaam, treni ya SGR, shamba la mahindi, Uwanja wa Benjamin Mkapa na bando la saa 24. Filimbi imepulizwa.

1. Kalenda yenye kasi kuliko zote: OpenTTD

Gemu ya usafirishaji. Unajenga reli, unanunua mabasi na malori, unashindana na wenzako mtandaoni nani atatajirika kwa nauli. Ilitoka mwaka 2004, ikiwa imejengwa juu ya msingi wa Transport Tycoon Deluxe ya Chris Sawyer ya mwaka 1995. Kwa mpangilio wake wa kawaida, siku moja humo huchukua takribani sekunde 2. Fumba, kumekucha. Fumbua, kumekuchwa. Mwaka mzima huisha kwa dakika 12 au zaidi kidogo kutegemea toleo, na hiyo ni kasi ya mara 43,200 ya saa ya ukutani!

Iweke kwenye mizani. Kipindi cha urais cha miaka 5 huisha kwa saa moja. Mpira wa dakika 90 hula miaka 7 na nusu: mtoto anayezaliwa refa akianzisha mchezo, filimbi ya mwisho inamkuta shuleni na begi mgongoni. Gemu huanzia mwaka 1950. Ukikaa nayo bila kusimama, Tanganyika inapata Uhuru wake wa tarehe 9 Desemba 1961 baada ya saa 2 na dakika 23 tu. Basi la kutoka Songea hadi Dar es Salaam hukata kilomita zipatazo 950. Abiria akikaa kitini saa 15 huku gemu ikiendelea simuni, atashuka Dar miaka 75 baadaye. Na bando la saa 24? Miaka 120. Hakuna binadamu wa kawaida anayeumaliza umri huo, ila bando la siku moja linaumaliza.

2. Saa ya polepole kuliko zote: EVE Online

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu rekodi hii ni ya ajabu kuliko ile ya kasi.

EVE ni gemu ya vyombo vya anga za mbali, iliyofunguliwa tarehe 6 Mei 2003. Siku za kawaida saa yake ni UTC yenyewe, dakika kwa dakika, haina kuzidisha wala kugawanya. Lakini wapiganaji wanapojazana eneo moja mpaka seva ikaelemewa, gemu haiwatupi nje. Inapunguza mwendo wa wakati. Inashuka, inashuka, hadi kufikia asilimia 10 ya mwendo wa kawaida. Hapo sekunde 1 ya vitani inakula sekunde 10 za ukutani, na risasi uliyoiachia unaitazama ikienda kama kinyonga juu ya mti.

Pima kwa mpira. Watani wa Kariakoo, Simba na Yanga, wakianza mechi saa moja asubuhi kwa mwendo huo, dakika 90 zitakuwa saa 15, na filimbi ya mwisho italia saa nne usiku. Hapo hatujahesabu mapumziko wala dakika za majeruhi.

Mwendo huo ulionekana kwa ukubwa wake tarehe 27 Januari 2014, katika eneo linaloitwa B-R5RB. Chanzo chake ni malipo: ada ya kumiliki eneo haikulipwa kwa wakati, umiliki ukadondoka, na majeshi yakakimbilia kuugombania. Vita vilidumu saa 21. Walioshiriki walikuwa 7,548, sawa na mabasi 126 ya abiria 60 kila moja. Mabasi hayo yakipangwa mstari mmoja, la mwisho halitaliona la kwanza. Ukiwapeleka Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, wanajaza karibu sehemu moja ya nane. Mali iliyoteketea ilikadiriwa kuzidi dola 300,000 za Marekani za kweli, si za gemu. Kama wakati ungekaa kwenye asilimia 10 mwanzo hadi mwisho, saa hizo 21 za kukesha zingekuwa saa 2 na dakika 6 tu za vita vyenyewe.

Yaani siku kutwa kwa kitu chenye urefu wa filamu moja. Hakuna gemu nyingine kwenye orodha yangu inayoweza kuugusa uzito huo.

3. Mwaka rahisi kuliko yote kuugeuza: EVE tena

EVE inabeba vikombe viwili. Kalenda yake huandikwa YC, na mwaka 2003 ulikuwa YC 105. Kanuni yote ni moja: toa 1898. Mwaka wa Uhuru, 1961, unakuwa YC 63. Mwaka wa Muungano, 1964, unakuwa YC 66. Anayejua kutoa amemaliza.

4. Kanuni ngumu kuliko zote: Final Fantasy XIV

Sasa weka kalamu tayari. Nchi ya gemu hii inaitwa Eorzea, na siku yake ni dakika 70 za kwetu. Saa moja ya Eorzea ni sekunde 175, yaani dakika 2 na sekunde 55. Kasi yake ni 144 gawanya kwa 7, na jibu lake halina mwisho: 20.571428, kisha tarakimu zilezile zinarudi, zinarudi, hazikomi. Hii ni saa isiyokubali namba kamili.

Kalenda yake nayo ina vipimo vyake. Wiki ina siku 8, mwezi una siku 32, mwaka una miezi 12 na siku 384. Wiki yao kwetu ni saa 9 na dakika 20, na mwezi wao ni siku 1, saa 13 na dakika 20. Mwaka wao wote ni siku 18 na saa 16: mshahara wa mwezi huu haujaingia, wao wameshasherehekea mwaka mpya. Mechi ya dakika 90 kwao ni siku moja nzima, saa 6 na dakika 51. Mimba ya siku 280 inatimia katika miaka 15 ya Eorzea kamili, bila siku kuzidi wala kupungua. Niliirudia hesabu hiyo mara tatu kwa furaha.

Wanaoteseka na kanuni hii ni wavuvi. Ndiyo, ndani ya gemu kuna wavuvi, na samaki wengine wa humo hula chambo katika saa fulani tu za Eorzea na chini ya hali fulani ya hewa, na hali ya hewa hubadilika kila baada ya dakika 23 na sekunde 20 za kwetu. Mvuvi wa ziwa Nyasa husoma upepo na mwezi. Mvuvi wa Eorzea husoma sehemu ya saba ya namba.

5. Historia ndefu kuliko zote: Final Fantasy XI

Ndugu mkubwa wa hiyo iliyotangulia, iliyoanza Japani tarehe 16 Mei 2002. Kasi yake ni mara 25, namba safi. Siku ni dakika 57 na sekunde 36. Wiki ni siku 8, kwetu saa 7, dakika 40 na sekunde 48: mtu anaingia kazini asubuhi, wiki yao inaisha kabla hajafunga ofisi. Mwaka una siku 360 na huisha kwa siku 14, saa 9 na dakika 36.

Sasa tazama nguvu ya kuzidisha. Ilipotimiza miaka 20 ya kwetu, Mei 2022, ndani yake ilikuwa imepita miaka 507! Rudi nyuma miaka 507 kutoka 2022 na utatua mwaka 1515, miaka 10 tu baada ya Wareno kuivamia Kilwa, na Fort Jesus ya Mombasa ikiwa bado miaka 78 ndipo ianze kujengwa. Historia yote tunayofundishwa ya pwani kutoka Mreno hadi leo inatosha karibu yote ndani ya umri wa gemu moja.

Kisha kuna jambo ambalo wazee wa pwani watalitambua mara moja. Mwaka wa Nairuzi, ule unaoshangiliwa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, huhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi: miongo 36, na siku 5 za kujazia. Mwaka wa gemu hii wenye siku 360 ni miongo 36 kamili. Mzee wa Makunduchi angeisoma kalenda hiyo bila mkalimani, akauliza tu zile siku 5 zimekwenda wapi. Mwongo mmoja humo ni saa 9 na dakika 36.

6. Mavuno ya haraka: Stardew Valley

Gemu ya ukulima, iliyoundwa na mtu mmoja, Eric Barone, na kutoka mwezi Februari 2016. Unaweza kulima peke yako au na wenzako mtandaoni. Siku humo huanza saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa nane usiku, ukichelewa kulala unaanguka papo hapo. Urefu wake kwetu ni dakika 14 na ushei. Majira ni 4, kila moja siku 28, mwaka siku 112, na wote unakwisha kwa karibu saa 27 za kucheza.

Ruvuma ni mkoa wa mahindi, basi tushindane kwa mahindi. Ya Stardew hukomaa kwa siku 14, ambazo kwetu ni takribani saa 3 na dakika 20. Ya Ruvuma hupandwa kwa mvua za mwishoni mwa mwaka na kuvunwa katikati ya mwaka unaofuata. Tuyape ya kwetu miezi 5 shambani, siku 150. Katika muda huo siku 14 za gemu zingejirudia mara 1,080. Kwa kasi, ushindi ni wa Stardew. Kwa ugali, ushindi ni wa Ruvuma, na hilo halina ubishi.

7. Sekunde inayogeuka dakika: GTA San Andreas

Waliowahi kulipia dakika kwenye kibanda cha gemu hawahitaji kuelezwa. San Andreas ilitoka mwaka 2004, na ndani yake sekunde 1 ni dakika 1. Dakika ni saa, na siku ni dakika 24. Kugeuza hakuhitaji kalamu. GTA Online, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, ilipunguza mwendo kwa nusu: sekunde 2 kwa dakika, dakika 48 kwa siku.

Panda SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, uipe safari hiyo saa 3 na nusu. Kwa saa ya GTA Online umesafiri siku 4 na saa 9. Kwa San Andreas, siku 8 na saa 18.

8. Usiku wa robo siku: Second Life

Siku nzima humo ni saa 4 za kwetu. Mwanga saa 3, giza saa 1. Sisi tuliozoea saa 12 za mchana na karibu 12 za usiku mwaka mzima, usiku huo haufiki hata usingizi wa kwanza.

9. Moyo wa gemu unaodunda: RuneScape

Gemu hii ya Uingereza ilianza tarehe 4 Januari 2001, na moyo wake hudunda kila baada ya sekunde 0.6. Kila tendo, kupiga hatua, kukata mti, kurusha upanga, hufuata pigo hilo. Dakika moja ina mapigo 100, na siku moja ina mapigo 144,000. Ferdinand Omanyala wa Kenya alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021, akaweka rekodi ya Afrika, moyo wa RuneScape ulidunda mara 16 tu. Kati ya pigo moja na jingine, Omanyala alikata zaidi ya mita 6.

Kalenda yake, inayoitwa RuneDate, haina miezi wala miaka. Ni hesabu ya siku zilizopita tangu tarehe 27 Februari 2002. Mtu wa Ruvuma hana haja ya kuiandika tarehe hiyo asije akaisahau: 27 Februari ndiyo siku ambayo Songea huwakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa mwaka 1906. Kila Songea inapowakumbuka, RuneDate nayo inatimiza mwaka. Kufikia 27 Februari 2026, siku zilizohesabika ni 8,766.

Siku ya humo hugeuka saa 00:00 ya UTC. Kwetu ni saa tisa usiku, mbwa tu ndio wako macho.

10. Siku yenye milango mingi kuliko zote: Genshin Impact

Tangu tarehe 28 Septemba 2020, dunia ya Genshin inafungua siku mpya saa 10 alfajiri kwa saa ya seva. Swali ni seva ipi. Mchezaji wa Namasakata mwenye akaunti ya seva ya Asia, siku yake mpya inafunguka saa tano usiku. Mwenye akaunti ya Amerika anaipata saa sita mchana. Na mwenye akaunti ya Ulaya anaipata saa kumi na mbili asubuhi, jua likichomoza, dakika ileile ambayo saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu mchana upya.

Siku moja, gemu moja, milango mitatu, na kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna saa 13. Kwa mtu wetu sioni haja ya kubishana: seva ya Ulaya.

11. Bingwa wa mabingwa: Minecraft

Kwa ukubwa haina mshindani. Mwaka 2023 Mojang, kampuni ya Sweden inayoitengeneza, ilitangaza kwamba nakala zilizouzwa zimezidi milioni 300. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Kwa hiyo kuna nakala za kutosha karibu Tanzania tano, vichanga na vikongwe wakiwemo.

Kwa kasi ni ya kati. Siku ni dakika 20, mara 72 ya saa yetu. Mwezi wake wa angani hukamilisha umbo lake kwa siku 8, yaani saa 2 na dakika 40. Safari ya SGR hadi Dodoma ni siku 10 na nusu. Bando la saa 24 ni siku 72.

Lakini kombe haikulipata kwa ukubwa wala kwa kasi. Imelipata kwa namna inavyohesabu.

Siku ya Minecraft imegawanywa mapigo 24,000, na kila saa ina mapigo 1,000. Sifuri iko wapi? Haiko katikati ya usiku, kama ilivyo kwenye saa ya simu. Iko alfajiri, saa kumi na mbili asubuhi, jua linapotokeza. Sasa hesabu nami. Pigo la 1000 ni saa moja asubuhi. Pigo la 2000 ni saa mbili asubuhi. Pigo la 6000, jua utosini, ni saa sita mchana. Pigo la 9000 ni saa tisa alasiri. Pigo la 12000 ni saa kumi na mbili jioni, jua linazama. Baada ya hapo toa 12,000 uanze upya kama tunavyoanza upya kila magharibi: 14000 ni saa mbili usiku, na 18000 ni saa sita usiku wa manane.

Ni saa ya Kiswahili! Tarakimu kwa tarakimu, ukiondoa sifuri tatu za mwisho. Mchezaji wa London au wa Tokyo akiona 8000 lazima aongeze 6 kichwani ndipo ajue ni 14:00. Mchezaji wa Namasakata anasoma 8000 na kusema saa nane, mwisho wa hesabu. Mamilioni ya watu duniani wanacheza gemu inayohesabu saa kama bibi zetu wanavyozihesabu, kwa kutazama jua lilipo, na wengi wao hawajui.

Hata amri za gemu zinathibitisha. Amri ya kuleta asubuhi inaipeleka saa kwenye 1000: saa moja asubuhi. Ya adhuhuri inaipeleka kwenye 6000: saa sita mchana. Ya usiku wa manane, 18000: saa sita usiku. Na kama una Minecraft kwenye simu yako, fungua leo sehemu ya amri, iweke saa kwenye 13000, kisha uinue macho uangalie anga la humo ndani. Jua limeshazama. Toa 12,000, utasoma saa moja usiku.